Wanafunzi 180 na ukumbi kimya: namna ya kuwafanya wafikiri ndani ya kipindi cha kalkulasi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Tanzania. Nafundisha kalkulasi mwaka wa kwanza: wanafunzi 180, ukumbi wa ngazi wenye viti visivyohama, kipindi kimoja cha saa mbili kwa wiki na semina ya saa moja kwa makundi ya watu 45. Nikifundisha, wananakili kimya. Nikiuliza "mmeelewa?" wanaitikia "ndiyo", kisha kwenye jaribio nusu wanafeli. Muhula uliopita nilisikia habari za ufundishaji shirikishi, nikawagawa katika vikundi vya watu kumi na kuwapa mazoezi ya kitabuni. Ikawa kelele: wawili wanafanya, wanane wanasubiri kunakili. Silabasi nayo sikuimaliza. Je, jambo hili linawezekana kwenye hisabati ya chuo, tena kwa darasa kubwa kama langu?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Linawezekana, na kwa darasa lako halidai kompyuta wala viti vya kuhamishika. Ila tuanze na kilichoharibika, kwa sababu walimu wengi huishia hapo hapo wakiamini kwamba njia yenyewe ndiyo mbovu.

Zoezi la aina ya "tafuta derivativu (kasi ya kubadilika) za fanksheni zifuatazo" halina cha kujadiliwa. Anayejua kanuni atalimaliza peke yake kwa dakika mbili. Asiyeijua hana pa kushika. Hata vikundi vyako vingekuwa vya watu watatu, mmoja angeandika na wawili wangesubiri. Kwa hiyo kabla ya kufikiria vikundi, fikiria swali. Swali linalofaa mjadala hujibika kwa kufikiri dakika moja au mbili bila hesabu ndefu, lina majibu mawili au matatu yanayovutia, na kila jibu potofu lina mwenyewe: linatokana na kosa ambalo wanafunzi wako hulifanya kweli.

Kuhusu ushahidi nitasema kidogo tu, maana mkuu wa idara atakuuliza. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara mitupu na ufundishaji unaomtaka mwanafunzi afanye jambo darasani, katika sayansi, uhandisi na hisabati. Kwenye mihadhara waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8, kwenye njia ya pili, asilimia 21.8. Alama za mitihani zilipanda kwa takribani asilimia 6. Si muujiza. Lakini tofauti kama hiyo ikitokea kwenye darasa la watu 180, ni watu zaidi ya 20 ambao hawatakwenda kwenye sup, yaani mtihani wa marudio.

Mzunguko wa swali moja

Utaratibu unaofaa ukumbi wa ngazi ni ule ulioanzishwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwaka 1991. Hisabati imeuazima karibu ulivyo. Andika swali ubaoni likiwa na majibu manne, A hadi D. Toa dakika moja au mbili za kimya kabisa, na kila mtu aandike herufi yake kwenye daftari. Hatua hii ndiyo walimu huiruka, na ukiiruka umepoteza kila kitu: ambaye hajaandika jibu lake hana msimamo wa kutetea, atamsikiliza jirani anayejiamini na kuitikia.

Kisha kura. Usitumie kunyoosha mikono, kwani watu hutazamana na kufuata wengi. Kila mwanafunzi achukue karatasi ya A4, aikunje mara mbili ipate robo nne, aandike A, B, C na D kwa herufi nene, moja kila robo. Ukisema "onesheni", anaikunja robo moja tu ionekane na kuishika kifuani. Asiye na karatasi aoneshe vidole, kimoja hadi vinne, hapo hapo kifuani. Huna haja ya kuhesabu watu 180. Chagua safu mbili, moja ya katikati na moja ya nyuma, hesabu hizo tu. Usichague safu ya mbele. Wale wa mbele watakudanganya kila siku.

Uamuzi wako sasa unategemea waliopata. Wakiwa chini ya asilimia 30, mjadala hautasaidia, maana hakuna wa kutosha wenye hoja sahihi: toa dokezo au rudi nyuma ufundishe kipande kile, kisha piga kura tena. Wakizidi asilimia 70, eleza kwa dakika moja na uendelee. Katikati ya hapo ndipo penye mavuno. Sema: "Mtafute jirani mwenye herufi tofauti na yako, umshawishi. Dakika tatu." Kwenye viti visivyohama wanageuka upande au nyuma, watu wawili au watatu wanatosha.

Kabla ya mjadala usitaje jibu, usiseme kura zimeendaje, na uulinde uso wako. Darasa likijua kwamba wengi wamechagua B, mjadala unageuka kura ya maoni. Katika dakika hizo tatu tembea kwenye ngazi usikilize. Huko ndiko utakakosikia hoja potofu kwa maneno yao wenyewe, na hizo ndizo utakazozifanyia kazi. Ukisikia wanaanza kuzungumza mpira, muda umekwisha, hata kama saa inasema bado.

Piga kura ya pili, kisha eleza. Anza na jibu potofu lililopata kura nyingi, si sahihi: "Aliyechagua C alifikiri hivi, fikra hiyo ingekuwa kweli kama..." Ukianza na jibu sahihi, waliokosa wataandika neno "sahihi" na kufunga masikio. Mzunguko mzima unachukua dakika saba hadi kumi. Kwa saa mbili, maswali manne yanatosha. Matano ni mengi.

Mwalimu mwenye mashaka huuliza kama wanafunzi hawaambukizani tu majibu ya yule anayejua. Mwaka 2009 Michelle Smith na wenzake, kwenye darasa la jenetiki katika Chuo Kikuu cha Colorado, walifuatisha mjadala na swali la pili, tofauti na la kwanza lakini lenye wazo lile lile, likijibiwa na kila mtu peke yake. Wanafunzi walifanya vizuri zaidi, wakiwemo waliokuwa kwenye vikundi ambavyo huenda mwanzoni hapakuwa na hata mmoja aliyejua jibu. Na wewe fanya hivyo mara moja moja: baada ya kueleza, toa swali pacha lisilojadiliwa.

Maswali yenyewe

Hapa ndipo kazi yako ilipo. Usianze na kichwa kitupu. Omba vitabu vya majibu ya mtihani vya wanafunzi wa mwaka jana, vitabu thelathini hivi, uorodheshe makosa ya kila swali na idadi yake. Makosa matatu ya juu ndiyo majibu yako potofu, tayari yameshaandikwa.

Chukua kikomo, yaani thamani ambayo fanksheni inaikaribia. Fanksheni ni (x² − 4)/(x − 2). Kikomo chake x ikikaribia 2 ni (A) 0, (B) 4, (C) hakipo, kwa kuwa fanksheni haina thamani kwenye 2, (D) hakina mwisho. Jibu ni B, na wengi watajua kufupisha wapate x + 2. Lakini C itapata kura nyingi, hata kwa watu ambao wangepata B kama ungewaambia tu "kokotoa". Tofauti hiyo inakuonesha kwamba wanajua kufuta mabano ila hawajui kikomo ni kitu gani. Mhadhara usingekuonesha hilo hadi mtihani.

Kwenye kanuni ya mnyororo (chain rule), derivativu ya sin(x²) ikiwa na chaguo cos(x²), cos(2x), 2x·cos(x) na 2x·cos(x²) inatosha. Kila chaguo lina kosa lake: wa kwanza amesahau kilichomo ndani, wa pili ametafuta derivativu ya kilichomo ndani na kuibandika mahali pa x², wa tatu ameiacha x² ipotee njiani. Waambie wataje kosa la kila chaguo, si jibu tu.

Aina nyingine isiyochosha ni ya "daima, wakati mwingine, kamwe". Ikiwa derivativu ya fanksheni kwenye nukta ni sifuri, je, fanksheni ina kilele au bonde hapo? Wengi watasema daima, kwa sababu kila mfano waliouona ulikuwa hivyo. Jibu ni wakati mwingine, na x³ kwenye sifuri inatosha kuvunja "daima". Mwambie aliyesema daima achore. Grafu ya x³ akiichora mwenyewe inamkaa kuliko ukimchorea.

Swali ninalolipenda zaidi katika mada hii ni la nadharia ya thamani ya wastani (mean value theorem), kwa sababu linaweza kubeba nusu saa nzima bila kuchosha. Basi limepita kituo cha ukaguzi bila kusimama, na dakika 40 baadaye limepita kituo cha pili kilomita 60 mbele. Mwendo unaoruhusiwa kwa basi ni kilomita 80 kwa saa. Katikati hapakuwa na askari. Je, ni lazima kuna wakati spidomita ilisoma 90 sawasawa? (A) Lazima. (B) Yawezekana, lakini si lazima. (C) Hatuwezi kujua chochote.

B itavuta wengi. Hoja yao si ya kijinga: labda basi lilikuwa likienda 70 kisha 110, kwa nini lipite 90? Waache wabishane. Baada ya dakika mbili atatokea wa kusema kwamba mwendo hauruki kutoka 70 hadi 110, unapanda. Wastani ni 90. Basi haliwezi kuwa chini ya 90 muda wote wala juu ya 90 muda wote, kwa hiyo kama halikuwa 90 mwanzo hadi mwisho, limepita 90 mahali fulani. Jibu ni A, na dereva ana kesi. Sasa ongeza: je, ni lazima lilisoma 85? Hapana, huenda lilikwenda 90 mwanzo hadi mwisho. Na kama lilianza likiwa limesimama kwenye kituo cha kwanza? Sasa ndiyo, lazima, kwa sababu kutoka 0 kwenda 90 hupiti bila kugusa 85. Baada ya hapo andika nadharia rasmi, na uulize kila sharti lake linalinda nini. Sharti la kwamba fanksheni isikatike litakuwa na maana, kwa kuwa basi linalohama ghafla kutoka kilomita ya 20 hadi ya 35 linaweza kufika bila hata siku moja kusoma 90.

Kwa integrali, tumia jibu lililoandikwa likiwa na kosa, watafute mstari. Andika integrali (eneo chini ya grafu) ya 1/x² kutoka −1 hadi 1. Mstari wa kwanza: kinyume cha derivativu ni −1/x. Wa pili: kwenye 1 ni −1. Wa tatu: kwenye −1 ni 1. Wa nne: −1 toa 1 ni −2. Kila hesabu ni safi, lakini 1/x² haiwi hasi popote, na jibu ni hasi. Wape dakika mbili kila mmoja peke yake, tatu na jirani. Wengi watatafuta kosa la alama na hawatalipata. Kosa liko kabla ya mstari wa kwanza: nadharia ya msingi ya kalkulasi inadai fanksheni isiyokatika kwenye kipande chote, na hii inalipuka kwenye 0. Integrali yenyewe haina thamani. Swali hili linafundisha kuangalia masharti kuliko onyo lolote utakaloandika ubaoni kwa rangi nyekundu.

Usiwaache wagundue kila kitu

Kuna wanaosikia neno "shirikishi" wakadhani mwalimu anyamaze, wanafunzi wabuni fasili ya kikomo wenyewe. Usifanye hivyo. Anayeanza mada hujifunza haraka zaidi akioneshwa mfano uliokamilika, kisha akapewa pacha wake mara moja. Kwa kila njia mpya onesha mfano mmoja ubaoni hatua kwa hatua, uufute, kisha toa tatizo linalofanana kwa asilimia 80 lenye badiliko moja tu, dakika nne, kila mtu kwenye daftari lake. Tembea. Ukiona theluthi wamekwama mahali pamoja, simamisha darasa uoneshe hatua hiyo tu. Mifano mitatu mfululizo bila wao kushika kalamu ni sinema.

Silabasi na muda

Muda unaoupoteza ni ule wa kunakili. Mwanafunzi anayenakili mstari wa tatu hasikii unachosema kwenye mstari wa tano, na maandishi yenyewe hayana tofauti na madesa yanayouzwa steshenari. Andaa karatasi mbili za kila kipindi, pande zote mbili, zenye fasili, nadharia na nusu ya kila mfano, na nafasi tupu pa kujaza. Mtumie CR (kiongozi wa darasa) siku mbili kabla aweke kwenye kundi la WhatsApp na kuacha nakala steshenari. Usizijaze kabla, na usitume zilizojazwa baadaye. Ukizituma, wiki ya tatu ukumbi utakuwa nusu.

Saa mbili zako ziende hivi. Dakika kumi za kwanza, maswali matatu mafupi ya wiki iliyopita, daftari zimefungwa. Kukumbuka kwa kuvuta kichwani hukaza kuliko kusoma tena. Dakika 15 za maelezo, swali la kura, dakika 20 za maelezo, mfano na pacha wake, swali la pili. Mapumziko ya dakika tano, wasimame. Nusu ya pili ifuate mwendo huo huo kwa maswali mawili. Dakika tatu za mwisho kila mtu anaandika kwenye kipande cha karatasi hatua moja ambayo haijamkaa. Usisome zote 180. Chota thelathini, zinatosha kukuambia pa kuanzia wiki ijayo.

Hata hivyo utapunguza. Uthibitisho mrefu ambao hautaulizwa na hauleti mbinu mpya upeleke kwenye karatasi wausome. Mifano ya tano na ya sita ya kitu kile kile itoe. Mada usiitoe bila idara kujua, maana mwalimu wa mwaka wa pili atakuja kukudai.

Semina

Watu 45 kwa saa moja ni vikundi 15 vya watu watatu. Panga kwa bahati, si kwa urafiki: wahesabu moja hadi kumi na tano, kila namba ikae pamoja, na ubadilishe kila wiki. Bandika karatasi za manila ukutani kama ubao hautoshi, wasimame. Wakisimama unaona kazi za vikundi vyote kwa kugeuza shingo, na hakuna anayejificha nyuma ya daftari. Kila kikundi kinapata kalamu ya wino mzito moja tu, na mwenye kalamu haruhusiwi kuandika wazo lake; anaandika anayosema mwenzake. Kila dakika tano kalamu inahama. Kanuni hii ndogo inamaliza lile tatizo la wawili wanaofanya na wanane wanaosubiri.

Usikae na kikundi zaidi ya dakika mbili. Kwa vikundi 15 hiyo ni nusu saa, kwa hiyo kila kikundi unakipitia karibu mara mbili. Kikundi kikikwama usichukue kalamu. Uliza kitu kimoja kinachosogeza: "Masharti ya nadharia ni yapi? Lipi hamjaliangalia?" kisha ondoka, waachie walijibu wenyewe. Kikundi kikimaliza mapema, kiwe na swali la nyongeza lililoandikwa tayari; ukilikosa, kitaanza kuwapa wengine majibu kwa wema.

Maswali ya semina yawe magumu kuliko ya darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza kwa nini wanafunzi weusi walifeli sana kalkulasi wakati wenzao wenye asili ya Kichina walifaulu. Hakukuta uvivu wala udhaifu wa msingi wa kueleza jambo hilo. Alikuta kwamba wa kwanza walisoma peke yao, na wa pili walisoma pamoja, wakikaguana kazi. Warsha alizoanzisha hazikuwa za kurudia mambo mepesi. Walipewa matatizo magumu wayafanye kwa pamoja, na matokeo yao yakapanda sana. Semina zetu nyingi hufanya kinyume: mwalimu anasuluhisha karatasi ya mazoezi ubaoni, kundi linanakili.

Kimya, lugha na manung'uniko

"Mmeelewa?" na "kuna swali?" yafute. Hayana jibu jingine zaidi ya "ndiyo" na kimya. Ukiuliza swali la kweli, subiri. Mary Budd Rowe alipima walimu wa sayansi nchini Marekani akakuta wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujijibu au kumhamia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu yakawa marefu na wengi zaidi wakajitokeza. Kwa hisabati ya chuo hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Zitakuwa sekunde ndefu. Na badala ya "nani anajua?" mwulize mtu: "Jirani yako alikuwa na hoja gani?" Kusema hoja ya mwenzako hakumwaibishi mtu kama kusema yake, hasa kwa wale wasionyoosha mkono kamwe.

Mihadhara ni kwa Kiingereza, na hilo peke yake linanyamazisha nusu ya ukumbi. Siku ya kwanza tangaza kwamba mjadala na jirani ni kwa Kiswahili au lugha yoyote wanayoelewana. Usiposema, watadhani ni kosa. Ila mjadala ukiisha, kila jozi iandike sentensi moja ya sababu kwa lugha ya mtihani, kwa sababu UE (mtihani wa mwisho wa chuo) itaidai sentensi hiyo na haitaipata kama haijawahi kuandikwa.

Jiandae kwa lawama kwamba "huyu hafundishi, tunafundishana wenyewe." Lawama hii ina sababu. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walichapisha jaribio la madarasa ya fizikia Harvard: waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi kwa kipimo cha mtihani, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Kuhangaika na swali kunafanana na kutoelewa. Mhadhara laini unafanana na kuelewa. Waambie hilo wiki ya kwanza, na kila baada ya kura ya pili andika ubaoni asilimia ya waliopata kwenye kura ya kwanza na ya pili, kwa mfano 42 kisha 75. Wakiziona wiki tatu mfululizo wataacha kulalamika, au watalalamikia jambo jingine.

Usitoe alama kwa usahihi wa kura. Ukitoa, wataulizana jibu kabla ya kufikiri. Ukitaka kuwapa kitu, toa alama 2 kati ya 40 za kozi kwa kuhudhuria na kupiga kura, basi.

Jambo moja linaweza kubomoa haya yote: mtihani. Jaribio la kwanza likiwa na "tafuta derivativu" kumi na hakuna kingine, wanafunzi watajua, na watakuwa sahihi, kwamba mijadala ilikuwa mapambo. Weka angalau swali moja la "daima, wakati mwingine, kamwe, toa sababu" na moja la kutafuta mstari wenye kosa, yote mawili yakibeba robo ya alama. Zungumza na mtunga UE mapema kama si wewe. Ukipata nafasi, jaribu jaribio la awamu mbili: dakika 45 kila mtu peke yake, anakusanya, kisha dakika 15 watatu watatu wanafanya karatasi ile ile kwa jibu moja, alama ya kwanza ichukue asilimia 85, ya pili 15. Kelele utakayoisikia katika dakika hizo 15 itakuwa ya hisabati.

Anza wapi

Usibadilishe muhula mzima. Kwa wiki nne za kwanza weka maswali mawili tu kwa kila kipindi, mengine yabaki kama yalivyo. Kuyaandika yote manane kunahitaji siku moja ya kukaa na vitabu vya majibu vya mwaka jana. Kwa kila swali andika kwenye daftari lako asilimia ya kura ya kwanza, ya pili na dakika zilizotumika. Swali linalopata zaidi ya asilimia 80 mara ya kwanza lifute au liwe la kuamshia darasa. Linalopata 50 kisha 50 lina kasoro ya maandishi mara nyingi: maneno yanasomeka kwa namna mbili, au chaguo mbili zote zinaweza kutetewa, wasikilize wanachobishania utaiona. Linaloshuka, 55 kisha 40, usilitupe, kwa sababu kuna hoja potofu yenye nguvu inayosambaa. Itafute uiandike kama ilivyotamkwa, na mwaka ujao iwe ndiyo mada ya dakika 15 za maelezo kabla ya swali lenyewe.